Vita vya Minazi Saba

Watamu, 3 Machi 2024

Baba, shikamoo. Natumai kifua kimepoa na unalala vizuri. Mimi mzima. Hoteli imejaa, mgongo unaniuma kwa kutandika vitanda, lakini silalamiki.

Kwenye kasha ninalokutumia kuna vitabu vinne walivyoacha wageni vyumbani: viwili vya vita, kimoja cha ujasusi, kimoja cha wafalme na washauri wao. Sasa maktaba yako ina vitabu arobaini. Baba, unataka kupindua serikali ya nani?

Mwanao, Kanze

Rabai, 20 Machi 2024

Mwanangu, marahaba. Kifua kimetulia. Vitabu nimevipanga juu ya kabati la marehemu mama yako, mbali na mchwa.

Serikali siitaki, nataka minazi yangu saba. Baba yako mdogo Mwaro anaigema tembo mwaka wa tatu sasa, kana kwamba babu yako alimwachia yeye peke yake. Tunapakana ua kwa ua na hatuamkiani. Wazee wameshindwa kutupatanisha. Lakini nimesoma kwamba adui hupewa onyo la mwisho kwa maandishi. Nimeliandika, kesho nampelekea. Akikaidi nitaikata yote, tukose sote.

Baba yako

Watamu, 24 Machi 2024

Baba, shikamoo. Sijambo, ila barua yako imenitia hofu. Tafadhali usimpelekee. Nilipoumwa na nyoka, ni yeye aliyenibeba mgongoni hadi zahanati. Sileti kitabu kingine mpaka mpatane.

Mwanao

Rabai, 2 Aprili 2024

Mwanangu, marahaba. Mimi mzima. Barua yako ilichelewa. Bahasha nilikwisha kuichomeka mlangoni kwa Mwaro.

Unajua hajui kusoma. Na hapa kwetu nani humwandikia jirani? Aliniona nikiichomeka, mtu asiyesemezana naye, akajua ni msiba tu, na aliye mbali ni wewe. Alikuja mbio, kifua wazi, analia, mkewe nyuma yake. Akanikumbatia. "Pole, kaka! Kanze wetu amefariki lini?"

Nilipomwambia u mzima aliketi chini pale uani akalia upya, kwa furaha, nami nikalia. Katika vitabu vyote hivi sijaona panaposema ufanye nini adui akija kumlilia mwanao. Niliona haya, Kanze, haya kubwa.

Alipotulia alinipa bahasha nimsomee. Nikaifungua, nikasoma: "Ndugu yangu Mwaro, nimekukumbuka. Njoo tunywe chai."

Baba yako