Waliniacha Nisimulie Kisiwa

Anderlecht, Jumapili mchana

Maman yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo, na kwanza nauliza habari za mwili wako, maana najua siku zote za kilio ulilala chini kwenye mkeka. Mgongo umetulia? Unakula? Bibi anapata usingizi? Mimi ni mzima. Baridi imeanza, na Maman Mdogo amenitolea koti la mwaka jana, ambalo mikono yake sasa ni mifupi.

Nilikuahidi barua ndefu kuhusu safari ya Guadeloupe. Unakumbuka jinsi darasa letu lilivyouza gaufres, zile keki za hapa, mlangoni mwa shule mwaka mzima ili tufike huko.

Kisiwa ni kizuri, Maman. Tulipanda msituni mpaka kwenye maporomoko ya maji, na rasharasha zake zilitulowesha kabla hatujayaona. Kuna wanawake wanaokuna muhogo na kuuoka juu ya bamba la chuma, hadi uwe mkate mwembamba. Katika mji mmoja mdogo, ngazi za mawe zinapanda kutoka karibu na maji. Wenyeji husema watu wetu waliouzwa utumwani walipandishwa hapo. Majina ya makabila na nchi yameandikwa kwenye vibao, na kimoja kimeandikwa Congo. Wenzangu wakasema, "Nadège, simama hapo, ni kwenu," wakanipiga picha. Nilitabasamu. Sasa najua kwamba siku hiyo mlikuwa mnamzika Babu.

Jioni ya Watakatifu Wote, mama aliyetupokea, mimi na rafiki yangu Inès, alitupeleka makaburini. Huko watu huyapaka makaburi rangi, huwasha mishumaa, kisha hukaa hapo na watoto wao wakizungumza kama wako barazani. Yule mama akanipa mshumaa. "Chukua, binti, uwashie mtu wako." Nikamrudishia. Nikamwambia, "Asante, madame, watu wangu wote wako hai."

Niliporudi, Tonton, baba yangu mdogo, alinipokea uwanja wa ndege. Yeye hunitania kila mara, lakini siku hiyo alibeba mzigo wangu akatangulia. Nyumbani nikakuta sebule imejaa watu wa kikundi chetu cha sala, wale wa kwetu Lubumbashi, viti vimesogezwa ukutani. Nikafikiri wamekuja kusikia habari za kisiwa. Maman Mdogo akaniletea chakula, nikala huku wote wananitazama. Nilipomaliza, nikatoa kamera, nikaanza kusimulia.

Hakuna aliyenizuia. Maman Charlotte, yule mzee wa kikundi, akauliza, "Na hii maji inatoka wapi, mutoto?" Papa Fidèle, mume wake, akaulizia ugali, "Na bukari, balikupatia kule? Ao ulikufa na njaa?" Watu wakacheka kidogo. Nikasimama nikawaonyesha jinsi Inès alivyoteleza kwenye tope, mpaka nikachoka mwenyewe.

Tonton akasema, "Bon. Umemaliza?"

Nikasema ndiyo.

"Alors, ikala hapa karibu na maman yako mudogo. Babu yako hayuko tena, mutoto. Balishamuzika."

Najua ndiyo desturi yetu. Habari ya msiba haitupwi kwa mtu aliye njiani. Ale kwanza, azungukwe na watu. Tonton alinieleza baadaye kwamba wewe ndiye uliyesema, mwacheni aende, asibebe kilio ndani ya ndege. Silaumu. Lakini kabla ya safari niliomba kuzungumza na Babu kwa simu, na kaka Trésor akaniambia ameenda kanisani. Nikamwamini, ingawa ilikuwa Jumanne.

Shuleni wananiuliza kisiwa kilikuwaje. Nasema kizuri, na ni kweli, lakini nikisema hivyo najisikia kama ninamwibia mtu. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba wewe hujanipigia. Nikipiga, kaka anasema uko sokoni, unaoga, una wageni. Labda unaogopa kwamba nimekasirika. Nilikasirika siku mbili tatu. Sasa nimebaki na huzuni tu, nayo haina pa kukaa. Nililia pale sebuleni kwa sababu wote walikuwa wanalia.

Nisalimie Bibi, umshikie mikono yake kwa niaba yangu. Msalimie kaka Trésor, umwambie hajui kudanganya. Wasalimie jirani yetu aliyewapikia waombolezaji, na mwalimu wa kwaya aliyemwimbia Babu.

Jumamosi Tonton na Maman Mdogo watakuwa Laeken kwenye sala, nami nitabaki nyumbani karibu na simu. Naamini utapiga. Usimpe kaka simu. Usianze na shule wala baridi. Sema wewe mwenyewe, kwa sauti yako, kwamba baba yako amekufa, ili nami nikuambie pole. Tangu nirudi, wote wananipa pole mimi, na hakuna aliyeniachia nafasi ya kukupa wewe.

Ni mimi binti yako,
Nadège