Bunduki Niliyoing'arisha

Dubai, 9 Septemba 2014

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mguu wako unaendeleaje? Na Ivy wangu, bado anakula kwa mkono wa kushoto? Mimi niko mzima, ni joto tu. Simu yangu Madam ameifungia kabatini, ndiyo maana naandika. Barua inaletwa na Nick wa ghala la Freezone, kwao ni hapo Kiminini.

Mama, furahi! Sir Marhun, bwana wa nyumba, atanipa pasipoti Desemba nije likizo. Oktoba ana wageni wa kuona bunduki zake za zamani, zile za kukoki kwa mkono wa chuma chini ya kifyatulio. Haziwindi chochote, ni za kabatini. Anatafuta zile za pekee, zisizo na mfano. Moja mtutu wake nusu una pembe nane, nusu ni mviringo. Nilimuuliza, "Sir, fundi alichoka katikati?" Akacheka mpaka akakohoa.

Lakini hiyo hiyo imeingia rangi ya kahawia, aibu kwa wageni. Nitamfanyia kitu afurahi.

Watu wa Jairus wakija kumtaka Ivy kwa kuwa Jairus ni babake, waambie mama yake anakuja.

Binti yako, Annah

Kitale, 12 Oktoba 2014

Annah mwanangu,

Sisi tupo. Ivy ametimiza miaka mitatu, anasema sana. Mguu umekuwa mweusi. Daktari anataka niende Eldoret nilazwe, nimemwambia angoje Desemba, maana Ivy nitamwachia nani? Mama yake Jairus amekuja mara mbili na kuku. Unajua kwetu, mtoto akishaingia boma la babake harudishwi tena. Nimemzuia. Usichelewe.

Mama yako

Dubai, 16 Novemba 2014

Mama,

Natumaini umepata nafuu kidogo. Nina habari mbaya, kaa chini kwanza.

Niliisugua ile bunduki siku mbili kwa waya wa sufuria na majivu ya jiko la nyama, vile ulinifundisha, hadi nikajiona uso. Hata maandishi madogo yalififia. Sir hakupiga kelele. Alikaa sakafuni akaipakata. Akasema ile rangi ilikuwa ya miaka mia na ishirini, na ndiyo wageni walikuwa wanaifuata, sasa ni chuma tu. Mama, mimi niliona kutu.

Madam akasema, "Khalas, imekwisha, hakuna Desemba. Utaenda Machi mkataba ukiisha." Nikamsomea barua yako, pale kwa mguu. Akasema kila mfanyakazi ana mama mgonjwa. Nilipiga magoti, Mama. Akaniambia niinuke nipike.

Machi si mbali, sivyo? Mshike Ivy.

Binti yako, Annah

Kitale, 20 Januari 2015

Annah,

Usilie juu ya bunduki. Ningekuwa hapo ningeisugua pia.

Nilingoja hadi nikashindwa kusimama. Kesho wananipeleka Eldoret kuukata mguu. Jana nilimkabidhi Ivy kwa mama yake Jairus kwa mikono yangu, nisije nikafa usingizini naye yuko ndani peke yake. Mke mpya wa Jairus alimvalisha sweta, na ndani ya saa moja Ivy alikuwa anamwita mama. Hakulia. Ningependa angelia.

Nisamehe.

Mama yako

Dubai, 8 Machi 2015

Mama yangu,

Umeamkaje huko wodini? Wauguzi wanakugeuza vizuri? Barua yako niliisoma chooni, mahali pekee penye kufuli.

Usiniombe msamaha. Pasipoti ninayo mkononi, nasafiri Alhamisi. Ila nitaanzia kwa kina Jairus kabla ya kuja kwako, usinikasirikie. Nitabisha hodi kama mgeni. Wakinipa chai nitakunywa. Ivy akitokea nitamsalimia vile watu husalimia mtoto wa wenyewe, nisimtishe. Kesho yake nitarudi. Wakifunga geti nitasimama nje. Akiuliza huyu ni nani, sitamjibu haraka. Kwanza azoee sauti yangu.

Binti yako, Annah