Maneno manne ya Kabula

Bariadi, Jumatano, mwezi wa saba. Jua kali, vumbi la malori ya pamba, mwili mzito tangu asubuhi.

Leo nimemtolea Kabula godoro nje. Naandika mambo yalivyokuwa, maana nimezoea kuandika kwa kujitetea.

Kabula ni rafiki yangu, tumepanga chumba kimoja mwaka wa pili sasa. Jana alikwenda kwao Ipililo kusaidia kuchambua pamba, akasema atarudi jioni. Hakurudi. Simu haikupatikana. Kufikia asubuhi nilikuwa nimemtumia meseji kumi na tisa. Ya kwanza: "Umefika salama?" Ya mwisho: "Usikanyage hapa tena."

Jirani yetu, Mama Masanja, aliliona godoro uani akacheka, akaniita mama kwa Kisukuma. "Mayu, leo mnafukuza kunguni?"

Nikajibu ndiyo.

Kabula alifika saa nne. Simu ilikuwa imeisha chaji na gari la jioni lilijaa. Hayo tu. Asubuhi aliichaji simu, meseji akazisoma njiani.

"Hivi unanichambua kama pamba? Juzi nilikuwa safi, leo nimekuwa fifi?"

Fifi ni ile chafu, inayotengwa rundo lake. Akabeba godoro, akahamia kwa Mama Masanja.

Nikafungua kurasa za nyuma za daftari hili. Jumamosi: "Kabula ni zaidi ya ndugu." Jumatatu: "Kabula hajawahi kunipenda." Katikati ya siku hizo alipokea simu ya mchumba wake wakati mimi naongea. Basi.

Daktari wa kliniki ya afya ya akili anaita hali hii tatizo la haiba, yaani la nafsi na tabia. Aliniambia niandike ninachoamini kabla hasira haijapanda. Nimeandika: Kila mtu ataondoka. Chini yake, kwa herufi ndogo: Na akinijua vizuri, ana haki ya kuondoka.

Kwa hiyo nawafukuza mapema, nisiachwe. Halafu naachwa.

Saa kumi na moja nilikwenda kumwomba msamaha. Sikujieleza sana. Kabula aliendelea kuchagua mchele, hakuniangalia.

"Nimekusikia. Nitarudi, lakini si leo."

Nafika mlangoni kwangu, "si leo" imeshageuka "kamwe". Nimeshika simu mara tatu nimuulize ana maana gani. Mara tatu nimeiweka.

Alisema: Nitarudi, lakini si leo. Ni maneno manne. Najilazimisha kuyasoma yote manne, si yale mawili ya mwisho peke yake.