Nyuzi Mpya za Gitaa la Baba

Kaka yangu mpendwa,

Sisi tuko salama, na goti la mama limepunguza kumsumbua. Nyuzi ulizomtumia baba zimefika. Alizishika akizitazama mpaka chai ikapoa, maana alishajiaminisha kwamba sauti ya gitaa inafifia kwa sababu ya nyuzi kuukuu, wala si masikio yake.

Jana aliniita nimsaidie. Tulizilegeza za zamani, tukazitoa, akalifuta gitaa vumbi kwa fulana. Zile mpya alizikaza mwenyewe, moja moja, huku akinitania, "Wewe ungekuwa kwenye bendi yetu, tungekufukuza siku ya kwanza!" Nilicheka, Kaka. Siku nyingi sijamwona hivyo.

Nikachomeka waya kwenye amplifaya, nikawasha. Akapiga ule wimbo aliomtungia mama enzi za uchumba wao. Nyuzi hazikuwa zimepatana hata kidogo, lakini mama aliutambua, akatoka jikoni na kusimama mlangoni.

Baba akaacha kupiga, akanitazama. "Washa basi, mwanangu."

Nikaongeza sauti mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka. Akapiga tena, akainamisha sikio juu ya gitaa. Mama akaanza kulia, na baba akamwona.

"Kumbe imewaka," akasema.

Akalirudisha gitaa kwenye mfuko wake, akafunga zipu. Daktari wa masikio aliyempima naye hana la kuongeza. Ukipiga simu, usiombe kuongea naye. Atakuitikia tu bila kusikia.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye.