Jumanne Sikuziba Mfereji

Old Moshi,
Jumapili, 16 Machi 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo nitakueleza yote, hata yanayoniaibisha. Miguu ya Babu inaendeleaje? Mimi ni mzima, ila nimechoshwa na watu wanaonisifu.

Bustani ya shule tunaimwagilia kwa mfongo, yaani mfereji unaoshusha maji kutoka mlimani. Mwenye zamu hufungulia maji mchana, na jioni huziba kwa vipande vya mgomba na udongo. Jumanne zamu ilikuwa yangu. Kengele ya chakula ilipolia nikakimbia, sikuziba. Mvua haikunyesha, maji yakapotelea majanini. Jumatano ilikuwa zamu ya rafiki yangu Neema, naye akakimbia vilevile. Mvua ikanyesha huko juu, mfongo ukafurika, ukazoa miche ya kahawa ya Bibi Manka, mjane jirani yetu. Alikuwa ameilea tangu mwaka jana.

Sasa Neema huenda akafukuzwa. Mwalimu wa nidhamu alimsimamisha mstarini akamwambia, "Mbona mwenzako wa Jumanne hakuharibu kitu? Jifunze kwake."

Mama, mwenzake ni mimi. Niliangalia viatu vyangu tu.

Nikamwambia Neema nitajitaja. Akanisonya. "Ili iweje? Tubebe magodoro kurudi kwetu wawili? Acha ulokole."

Jana nikaenda kwa Bibi Manka kuomba msamaha. Alikuwa anaokota viriba vya miche matopeni.

"Hiyo Jumanne nilipoteza nini?" akauliza.

"Hakuna, Bibi."

"Basi nikusamehe nini? Nenda kasome, mwanangu, unanikanyagia mche."

Nilirudi nimekasirika, hata sijui nimemkasirikia nani. Tumefanya jambo moja. Mvua ndiyo iliyotutenganisha, wala si uangalifu wangu.

Kesho nitamwambia mwalimu. Atataka mzazi, na kikao cha nidhamu cha Neema, ambacho nami nitaitwa, ni Ijumaa ya tarehe ishirini na nane. Nisipokuwa na mzazi nitarudishwa nyumbani, na mitihani inaanza Jumatatu inayofuata. Najua kutoka Singida ni kutwa nzima ndani ya basi, tena huu ndio wakati wa kufukuza ndege kwenye mtama. Matroni anasema kitanda cha mgeni kipo.

Nisalimie Babu, na Shangazi aliyenishonea sare, na mdogo wangu, aache kulalia daftari zangu. Dereva aliyekuletea barua hii anarudi huku Jumatano, mpe jibu.

Mama, utakuja?

Binti yako,
Rehema