Dkt. Yunis Shemhilu na Swali la Tarehe

Yunis, baba yako mkubwa Abrahamu yupo hapa sebuleni tangu asubuhi, na anasema haondoki mpaka jina lake liwe la kwanza kwenye tangazo hili la kumbukumbu yako.

“Shemeji, ukoo una utaratibu,” anasema. “Marehemu Kristian hayupo, kwa hiyo baba wa Yunis ni mimi. Na uandike Profesa. Ukiandika Dokta watu watadhani alikuwa anachoma sindano.”

Hukuwa profesa. Ulikuwa mtafiti wa ubongo, na mwaka unatimia sasa tangu tukulaze hapa Lushoto, karibu na mipea ya baba yako. Mtaalamu wa kumbukumbu, na kila asubuhi ulizunguka nyumba nzima kutafuta miwani iliyokuwa kichwani kwako. Chai ulikunywa ikiwa imepoa. Kazi hukuiacha ipoe.

Ulitaka kuonyesha kwamba ubongo wa mtu mzima bado hubadilika akijifunza. Ukaenda sokoni Soni, ukawaomba wanawake arobaini waliovuka miaka sitini, wasiojua kusoma, uwafundishe. Kabla ya masomo, na baada yake, walipigwa picha za ubongo.

Fomu uliyopewa kutoka ng'ambo ilianza na swali: leo ni tarehe ngapi? Wote wakajibu, “Leo gulio.” Fomu ikawapa sifuri. Ulilikata swali lile kwa kalamu nyekundu, ukasema mtu anayejua siku ya gulio anajua siku.

Baba yako mkubwa alicheka mpaka akakohoa. “Hata tarehe hawaijui. Vichwa vimekauka kama kuni, atawafundisha nini?” Kisha akapita kwa watu akisema ile mashine ya picha inanyonya akili. Wanawake kumi na mmoja wakajitoa. Wewe uliendelea kumpa shikamoo.

Leo anawaambia wageni kwamba yeye ndiye aliyekukusanyia wale wanawake. Najua ungemtetea. Ulizoea kuniambia, “Mama, mtu akikumbuka jambo, halirudi mahali pake kama lilivyotoka. Si lazima awe mwongo.” Ulikuwa mpole kupita kiasi. Mimi nina diploma ya kilimo. Gugu nikiliona nang'oa.

Basi nilimpa kalamu. “Shemeji, wewe ndiye baba. Andika tarehe aliyofariki mwanao.”

Akaitazama kalenda ukutani. Akaitazama tena. “Ilikuwa mwezi wa tano,” akasema. “Ishirini na ngapi vile?”

“Hata tarehe huijui,” nikamwambia.

Mama Saumu, muuza karoti, mwanafunzi wako aliyeanza kushika kalamu akiwa na miaka sitini na mitatu, alikuwa amekaa mlangoni na kikapu chake. Hakuinua hata sauti. “Siku ya gulio. Ukungu haukutoka mpaka mchana, karoti zangu nikarudi nazo. Tarehe 11 Juni.” Aliiandika siku ile ile kwa mkaa kwenye ubao wa genge lake, herufi zimepinda lakini zinasomeka. Mpaka leo hajaifuta. Hiyo ndiyo kazi yako, Yunis. Anayetaka kuiona aende Soni, haihitaji mashine.

Baba yako mkubwa sasa anasema tarehe ni jambo dogo, muhimu ni upendo. Mwaka ule, kwa wanawake wa sokoni, lilikuwa jambo kubwa.

Nilikuwa nimeamua kumkata kabisa. Nikakumbuka zile shikamoo zako, nikambakiza. Naandika hivi huku akichungulia begani kwangu, na mdogo wako Heri yupo nje, pikipiki inanguruma, alipeleke tangazo gazetini kabla mtu hajaniomba nibadilishe neno.

Wanaokukumbuka daima: mama yako Sesilia, mdogo wako Heri, Mama Saumu na wenzake ishirini na wanane wa Soni, na baba yako mkubwa Abrahamu, aliyekumbushwa.