Mama Mkwe Alisugua Tangi, Fundi wa Katesh Ndiye Anayelaumiwa

Shangazi Letisia, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa stoo, nimekaa juu ya gunia la vitunguu saumu na mlango nimeurudishia, sitaki mtu anione nikilia kwa ajili ya pikipiki, maana watanicheka, na kweli hata mimi ningemcheka mwenzangu. Naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unikaripie, najua utanikaripia tu, kila wiki nasoma unavyowapa wenzangu vidonge vyao na ninacheka peke yangu, leo imekuwa zamu yangu.

Mimi ni mke na mama, tunalima vitunguu saumu na ngano kidogo huku Daudi, Mbulu. Mwaka huu Mungu ametuona, vitunguu vimekubali, na mume wangu Modest akasema sasa tununue pikipiki, siyo ya biashara, ya nyumbani, ya kumpeleka mama yake kliniki Mbulu mjini, kwa sababu magoti yamemwisha na zile bodaboda zinazokimbia kama zinafukuzwa ameshakataa kuzipanda. Mama mkwe wangu, Mama Rogathe, alipoambiwa akaanza kuimba, akaimba siku nzima, mpaka ng'ombe wakaimbiwa.

Modest aliifuata Katesh kwa sababu kaka yangu yuko huko na anafahamiana na fundi wa dukani anayeitwa Idd, baba wa watu, mpole, ndiye anayeziunga zikitoka kwenye maboksi na kuwakabidhi wateja. Modest mwenyewe alirudi anamsifu, kwamba Idd alikaza boliti upya mbele yake, akamwambia kaka zunguka uikague kabla hujaondoka, na yeye akaizunguka na kuipenda, nyekundu, na mistari miwili myeusi kwenye tangi. Ilifika nyumbani imejaa vumbi na tope la njia ya Dongobesh lakini nzima kabisa, mimi mwenyewe niliigusa.

Sasa shangazi, kwetu hapa chombo kipya hakianzi kazi kabla hakijabarikiwa, kwa hiyo tukaiingiza stoo tukaifunika blanketi isubiri Jumapili ambayo Padre anakuja kigangoni, na mama akakataza hata mtoto asiikalie. Jumapili wanaume wakaisukuma mpaka kanisani imefunikwa vilevile kama bibi harusi, watu wakazunguka, Padre akasogea na maji ya baraka, Modest akavuta blanketi. Mungu wangu! Tangi lote mikwaruzo, ya duara duara, rangi imepauka, mstari mmoja mweusi haupo na wa pili umebaki nusu. Watu wakaguna. Mtu mmoja huko nyuma akasema hiyo mmeuziwa kuukuu ya mtu. Padre akabariki hivyohivyo, ila nadhani Modest hakusikia hata neno moja la sala, niliiona shingo yake jinsi ilivyovimba.

Jumatatu akaondoka nayo kwenda Katesh. Akasema pale dukani mbele ya wateja kwamba Idd ni mwizi, kwamba amempa pikipiki iliyoanguka akaipaka mafuta ing'ae, halafu akapita sokoni akasema hayohayo. Tajiri wa duka akamwambia Idd kaa nyumbani kwanza, jina la duka linachafuka, na mwisho wa mwezi anaweka fundi mwingine.

Nami nilikuwa upande wa mume wangu kabisa, mpaka siku tuliyokuwa tunaosha vyombo na mama, akaanza kuwasema watu wa Katesh. Akasema, "Mwanangu, wale watu ni wabaya. Mimi Jumamosi niliingia stoo niisafishe, ikapokee baraka ikiwa safi. Nikasugua na majivu na stilwaya mpaka mkono ukafa ganzi. Kulikuwa na uchafu mweusi umegoma! Mmoja nikautoa, ule mwingine ukanishinda. Kumbe chini yake walikuwa wameshaiharibu!"

Shangazi, sufuria iliniponyoka. Yeye akaniambia, "Pole, haijakuumiza?"

Lazima umjue mama huyu ndipo uelewe. Sufuria zake zinang'aa mpaka unaweza kujitazama, nilipoolewa kitu cha kwanza alichonifundisha ni kuchekecha majivu, na kwake kitu unachokipenda unakisugua, hakuna namna nyingine. Hajui kabisa kwamba ni yeye. Siku hizi hata chai ananimiminia nje ya kikombe, tunacheka wote, nasema mama umezeeka, anasema ni kikombe chako kimesogea. Na kwenye jumuiya amesimama akawaombea wale wa Katesh Bwana awaguse mioyo waache kuuza vitu vilivyochubuka, na wamama wote wakaitikia, na mimi nikaitikia!

Na siyo hilo tu. Mimi ni mzaliwa wa Jorodom. Mwaka ule wa 2023 tope liliposhuka kutoka mlimani Hanang, nyumba ya wazazi wangu ilienda yote, wakabaki wao na nguo walizovaa. Mama Rogathe hakungoja kuombwa. Aliwapa kitanda chake akalala jikoni, akawakamulia maziwa, akamwita mama yangu dada, na mpaka walipopata pa kujenga sikumsikia hata siku moja akisema wageni wamekaa. Nashukuru mpaka nakosa maneno. Leo nimwambie mtu huyo kwamba ameharibu zawadi yake mwenyewe na kwamba kijiji kizima kiliona? Mdomo wangu unagoma.

Lakini juzi Idd alipiga simu ya Modest nikapokea mimi. Hakufoka. Alisema, "Shemeji, habari za nyumbani? Mwambie kaka sina ugomvi naye, ila akumbuke tulivyoikagua. Mimi nina familia, shemeji." Nikamwambia nitafikisha. Sijafikisha. Nimewaza niseme mbuzi aliingia stoo akajisugua kwenye tangi, nimewaza ninyamaze tu yapite, nimewaza mengi mpaka kichwa kinauma. Nimfichie mama aibu yake, au nimwokoe Idd? Jina langu naomba usiliandike.

Mkamwana wa Daudi


SHANGAZI LETISIA ANAJIBU

Marahaba, mkamwana. Jina lako nimelificha, na majina mengine yote nimeyabadilisha. Sasa futa machozi utoke huko stoo.

Kwanza nifurahi nawe kidogo. Ungejua barua ninazopokea kuhusu mama wakwe! Wa kwako amelala jikoni ili wazazi wako walale kitandani. Amesugua tangi mpaka mkono ukafa ganzi kwa furaha. Mshukuru Mungu asubuhi na jioni, na hilo unalifanya, nimeliona. Barua yako imejaa shukrani mpaka imenitoa machozi na mimi, na mimi si mtu wa machozi.

Haya. Sasa mbuzi. Mbuzi gani huyo anasugua kwa duara duara, na anachagua kufuta mistari? Acha hizo, mwanangu. Ukianza na mbuzi, kesho utahitaji shahidi wa mbuzi.

Unaniambia unamfichia mama aibu. Sawa, lakini aibu hiyo umeenda kuiweka wapi? Umembebesha Idd. Mtu ambaye hajawahi hata kunywa maji kwenu ndiye anayelipia heshima ya nyumba yenu, tena kwa kazi yake na kwa jina lake, na anapiga simu anawasalimia! Ulipokuwa hujui, hukuwa na kosa. Tangu siku ile sufuria ilipokuponyoka unajua, na kila siku unayonyamaza, wewe ndiye unayemfukuza kazi. Umeuliza nimchague yupi kati ya mama na Idd. Sichagui. Ukweli ukisemwa vizuri utawatosha wote wawili.

Modest aambiwe leo. Mfuate shambani mkiwa wawili, umweleze habari ya majivu moja kwa moja, na usianze na lile neno lenu la "naomba usikasirike," maana likitangulia tu mtu ameshakasirika. Akikuuliza kwa nini ulikaa kimya, usijitetee, sema uliogopa. Atanuna kidogo. Mwache anune akiwa anajiandaa kwa safari.

Kwa sababu anakwenda Katesh. Modest, najua na wewe utasoma hapa, basi nisikilize baba. Ulimwita mtu mwizi mbele ya watu, na simu haiwezi kulifuta hilo. Ingia duka lilelile, na sauti ileile uliyoingia nayo siku ile, sema, "Nilimsingizia Idd, kosa ni la nyumbani kwangu." Usitaje mama, haihusu duka. Halafu nenda sokoni, kwa walewale uliowasimulia, ukasimulie upya. Usigeuze pikipiki kurudi Daudi kabla tajiri hajampigia Idd arudi kwenye kazi yake. Ulikagua pikipiki vizuri, hukukagua hasira zako. Hayo yametosha, sikuongezei.

Turudi kwako, mkamwana, kwa sababu kuna jambo limenikera zaidi ya tangi. Umeniandikia kurasa nzima za rangi na mikwaruzo, na kitu kikubwa kuliko vyote umekipita. Mama ameona mistari ya kiwandani akadhani ni uchafu. Chai anamimina nje ya kikombe. Na ninyi mnacheka, mnasema uzee! Mwanangu, mama haoni. Mimi si daktari, sijui ni ugonjwa gani, lakini wazee wengi macho yao yanatibika wakiwahi, na wengi wanapofuka kwa sababu nyumbani walikuwa wanachekwa. Mlinunua pikipiki ya kumpeleka kliniki, si ndivyo? Basi safari yake ya kwanza ni kwa daktari wa macho. Magoti yatasubiri.

Na hapo ndipo utaona kwamba kumficha mama hakuwezekani, hata ungetaka. Daktari atauliza ameanza lini kutoona vizuri, na jibu liko kwenye tangi. Halafu anaongoza wamama wa jumuiya kumwombea mtu asiye na kosa, na wewe unaitikia. Akija kujua baadaye, kwa mdomo wa jirani, atajua pia kwamba mkwe wake aliyempenda alijua akamwacha aendelee. Hiyo ndiyo aibu ambayo mimi singependa aione.

Kwa hiyo mkalishe chini, wewe na Modest, mchana kweupe, na watoto wakachunge huko. Anza kwa kushukuru, kwa sababu shukrani unazo na hazijaisha. Mwambie, "Mama, uliisugua kwa kutupenda, tunashukuru sana. Ila ile nyeusi ilikuwa rangi yake." Halafu nyamaza. Usiongeze "lakini siyo kitu," usikimbilie kumfuta machozi, usimgeuze mtoto. Huyu ni mtu mzima aliyepokea wazazi wako wakiwa hawana hata sufuria. Anaweza kupokea habari ya tangi. Atalia, au atacheka, mimi naweka dau kwenye kucheka, na akishamaliza ataomba kuletewa lile blanketi alifue, maana mama wa namna hiyo lazima mikono ifanye kitu.

Tangi lenyewe msilipake rangi kwa haraka ya kuficha. Linashika mafuta? Linashika. Inawaka? Inawaka. Ibebeni hivyohivyo, Padre ameshaibariki na mikwaruzo yake akiiona.

Na mama akisema anataka kuzungumza na Idd, mpigieni simu, mpeni aongee mwenyewe. Msimpangie maneno ya kusema, wala msisimame pembeni kumsahihisha. Kuomba radhi anajua tangu hamjazaliwa. Kaeni kimya mumsikilize, ninyi wawili ndio mnaojifunza.